Joto la Maji, Konokono na Kichocho Mwea

Mazungumzo kwa wakulima wa mpunga na wahudumu wa afya ya jamii



Konokono mdogo bapa anayeshikilia majani ya mifereji ya Mwea haumi mtu, lakini kichocho cha tumbo hakiwezi kuenea bila yeye. Mayai ya mnyoo hutoka na choo cha mgonjwa, huanguliwa majini, na kimelea kinachotoka humwingia konokono. Baada ya wiki nne au tano hivi, konokono huyo huanza kumwaga vimelea kwa maelfu. Huvimwaga mchana, saa zilezile watu wamo majini wakipandikiza miche, navyo hupenya ngozi kwa dakika chache.

Lakini si kila konokono huambukizwa. Wako sugu, ambao chembechembe za damu yao hukizunguka kimelea na kukiua. Mwaka 2012, watafiti Ittiprasert na Knight walichukua konokono sugu wenye asili ya Brazil, jamaa wa hawa wa Mwea. Katika maji ya nyuzi 25 za selisiasi waliukataa ugonjwa. Katika nyuzi 32 kinga ilivunjika, wakaambukizwa. Baadhi ya majaribio ya baadaye hayakupata jibu hilohilo, na joto likizidi mno konokono wenyewe hufa. Kwa hiyo mjadala haujaisha.

Hata hivyo, nyuzi 32 si joto la ajabu. Maji ya kina kifupi yaliyotuama jarubani jua la mchana hupata joto kuliko yale yanayotiririka mtoni Thiba. Kwa miaka mingi limekuwapo wazo la kueneza konokono sugu wachukue nafasi ya wengine. Wazo zuri, ila jua peke yake laweza kuliangusha.

Basi choo kitumike, hata siku ya kushinda shambani. Magugu ya mifereji yaondolewe, kwani ndiyo malisho na makao ya konokono. Maji ya kuoga yakitekwa bila konokono na kuwekwa siku mbili, vimelea hufa.

Mwenye maumivu ya tumbo au damu chooni aende zahanati apimwe choo. Dawa ni prazikwanteli. Huua minyoo iliyokomaa, lakini haizuii maambukizi mapya. Aliyemeza mwaka jana kisha akarudi mferejini apimwe tena.