Sindano Ambayo Hatukuipigia Hesabu



Mwaka jana tulimchangia mama yetu mmoja anayetibiwa saratani Dar es Salaam. Tulipiga hesabu ya nauli, chakula na malazi. Sindano hatukuihesabu. Alipofika akaambiwa sindano ya aina yake imekwisha, ikanunuliwe nje. Ndugu wakazunguka maduka ya dawa kutwa nzima, na dripu ikangoja hadi kesho yake.

Mama huyo amepandikizwa porti: kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, chenye mrija unaoingia kwenye mshipa mkubwa wa damu. Dawa kali hupitia hapo, mishipa ya mkono ikasalimika. Mlango wake ni kizibo cha silikoni. Sindano ya kawaida hukimega kizibo hicho mpaka kikavuja. Sindano ya Huber, yenye ncha iliyopindwa, hupenya bila kumega, na ikichomolewa tundu hujifunga. Hutumika mara moja tu, kisha hutupwa.

Ni kitu kidogo, lakini kwa kukikosa, nauli yote tuliyochanga ilikaa bure kwenye benchi.

Sisi tunaoshika hesabu za chama tulikosea. Tunaomba harambee ya leo iwe na fungu la sindano kwa kila mgonjwa wetu mwenye porti. Muuguzi aandike aina na urefu, nasi tuinunue, pakiti haijafunguliwa, kabla mgonjwa hajapanda basi Ifakara. Risiti tutazisoma hapa mwakani, moja baada ya nyingine.

Karibuni tuchangie.