UADUI BAADA YA KURA, NA WAJIBU WA KARANI

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi, Sekei, Arusha. Yapigwa chapa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



 Jambo nililoagizwa kulieleza ni uadui uzukao kati ya watu baada ya uchaguzi mkuu. Jambo hili ni zito, na wengi wetu hulikwepa, maana karani amezoea kusema, "Mimi ni mtumishi tu, siasa si yangu." Nami nataka kuonyesha kwamba, ingawa siasa si kazi yetu, uadui ufuatao kura hupita mikononi mwetu, nao hupoa au huwaka kwa kadiri ya tunavyoushika.

Kwanza tuulize, uadui huu ni kitu gani? Wengi hudhani ni mawe, moshi na risasi. Hayo ni matunda yake. Mizizi yake i katika mambo madogo ya kila siku. Tazameni habari za Unguja. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 watu hawakuuana. Walichofanya ni kususiana. Mtu aliacha kununua katika duka la mwenzake wa chama cha pili. Wenye mashamba waliwafukuza maskwota waliokaa humo miaka mingi. Hata maziko, ambayo kwa desturi yetu hayasusiwi, yakasusiwa. Mwezi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kikapatikana kwa kura moja tu, na pande mbili zikalingana Barazani, 11 kwa 11. Uchaguzi ukafanywa tena tarehe 1 Juni 1961, na katika ghasia zilizoanza siku hiyo watu 68 walikufa. Basi yule aliyesusia maziko ya jirani yake mwaka 1957 hakujua anapanda mbegu gani.

Wala tusiseme hayo ni ya visiwani. Mji wetu huu umekuwa mahali pa kuletewa hesabu za uadui wa majirani. Warundi walimchagua Melchior Ndadaye kuwa Rais mwezi wa Juni 1993. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule akauawa na askari, na vita vikashika nchi. Mapatano yao yalitiwa sahihi hapa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, baada ya Mwalimu Nyerere, na kisha Mzee Nelson Mandela, kuwasuluhisha kwa taabu nyingi. Katika mji huu wageni walijifunza kwa gharama kubwa kwamba kuhesabu kura si mwisho wa uchaguzi.

Sasa natazama nyumbani. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 31 Oktoba 2010, jimbo la Arusha Mjini lilimpa ubunge Bwana Godbless Lema wa CHADEMA. Mji haukuwaka kwa ajili ya kiti hicho. Ugomvi mkubwa ulizuka mwezi wa Desemba, madiwani walipomchagua Meya. Swali lilikuwa moja: nani ana haki ya kupiga kura katika kikao kile? Mmoja wa waliopiga kura alikuwa mbunge wa viti maalum ambaye upande wa pili ulisema ni wa Tanga, si wa Arusha. CHADEMA wakayakataa matokeo. Tarehe 5 Januari 2011 watu waliandamana, Polisi waliokuwa wameyakataza maandamano wakatumia nguvu na risasi, na watu watatu wakafa. Ndugu zangu, pimeni jambo hili. Kiini chake kilikuwa orodha ya majina ya wajumbe wa kikao, karatasi ambayo karani yeyote hapa angeweza kuishika kwa mkono mmoja.

Mji ule ule, na katika miaka ile ile, ulikuwa na ugomvi wa pili. Wapiga kura watatu walikwenda Mahakama Kuu kuupinga ubunge wa Bwana Lema, kwa sababu ya maneno aliyodaiwa kuyasema katika kampeni. Mwezi wa Aprili 2012 Mahakama ikamvua ubunge. Mwezi wa Desemba 2012 Mahakama ya Rufani ikamrudishia, ikisema kwamba wale watatu hawakuwa na haki ya kufungua shauri lile, kwa kuwa haki yao wenyewe haikuvunjwa. Walioshindwa mara ya kwanza walinung'unika; walioshindwa mara ya pili nao walinung'unika. Lakini hukumu zile mbili hazikufuatwa na vifo kama vya Januari 2011. Kwa nini? Maana palikuwa na mlango wa kugonga, na nyuma ya mlango palikuwa na mtu wa kupokea karatasi, kuiandika tarehe, na kujibu.

Kutokana na habari hizi mbili za Arusha napata neno langu la leo: uadui baada ya kura hukua mahali ambapo karatasi haiaminiki na malalamiko hayana mlango. Na karatasi na mlango, mabwana, vyote viwili vimo mikononi mwa makarani.

Juu ya karatasi, nchi jirani zimetupa mafundisho. Malawi walifanya uchaguzi mwezi wa Mei 2019. Tarehe 3 Februari 2020 mahakama ikaubatilisha uchaguzi wa Rais, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba fomu nyingi za matokeo zilikuwa zimefutwa kwa wino mweupe, ule ule tunaoweka mezani kusahihishia barua. Kura zikapigwa upya tarehe 23 Juni 2020, na aliyeshindwa kwanza, Lazarus Chakwera, akashinda. Kenya nako, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa Rais kwa majaji 4 dhidi ya 2, na katika mambo iliyoyalaumu ni namna fomu za matokeo zilivyopelekwa na kuthibitishwa. Wakenya walikuwa wamekwisha kuonja adhabu ya kukosa imani: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa, hata Kofi Annan akawapatanisha Februari 2008. Mwaka 2007 walioshindwa walisema hawaziamini mahakama. Mwaka 2017 walizijaribu, na mahakama ikawasikiliza. Ghasia hazikukosekana hata mwaka ule, lakini nchi haikurudi katika moto wa 2007.

Juu ya mlango, yatupasa kusema kweli ya nchi yetu. Ibara ya 41(7) ya Katiba ilizuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais akiisha kutangazwa na Tume. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa hapa Arusha, ilitoa hukumu mwezi wa Julai 2020 kwamba kizuizi hicho chavunja haki. Nilitajalo ni jambo la kumbukumbu, wala sitaji ili kukipendelea chama fulani.

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025. CHADEMA hawakushiriki uchaguzi, na kiongozi wao, Bwana Tundu Lissu, alikuwa kizuizini kwa shtaka la uhaini. Siku ya kura ghasia zilizuka Dar es Salaam na katika miji mingine, Arusha ikiwamo. Watu waliuawa, intaneti ilizimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Tume ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura. Idadi ya waliokufa ilibishaniwa vikali, na mwezi wa Novemba Rais aliunda Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mimi si jaji, wala mkutano huu si mahakama. Lakini hapa karani anayo sehemu ambayo hakuna awezaye kumchukulia. Mama amtafutaye mwanawe huanza kwa karani wa hospitali, kisha karani wa polisi, kisha karani wa vizazi na vifo. Akiulizwa jina na umri wa mtoto wake, yu mwananchi. Akiulizwa mwanawe alikuwa wa chama gani, amekwisha kuhukumiwa. Kifo kisichoandikwa hakina matanga yenye mwisho, na jamaa wasiopewa cheti hawatapewa amani kwa hotuba yoyote.

Wazee wa mteremko huu wa Meru wana fundisho lao katika mifereji ya maji. Mfereji hupita shamba hata shamba, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Wenye mfereji hugombana, tena sana. Lakini msimamizi wa zamu akimnyima mtu maji kwa sababu ya ugomvi wa jana, huo si mfereji tena, ni silaha. Dirisha la ofisi ni mfereji. Leseni, cheti, pembejeo, hati ya kiwanja, matibabu, hayo ndiyo maji.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu.

La kwanza, mwenye kupewa kazi ya uchaguzi na aiandike hesabu yake kama mtu atakayeisoma mahakamani. Akikosea tarakimu, aikate kwa mstari mmoja, aandike iliyo sahihi na kutia sahihi yake mbele ya mawakala wote, wala asifute. Kura moja iliamua Chake Chake. Asiwepo wa kusema kura moja haina uzito.

La pili, lalamiko lolote lipokewe kwa maandishi, ligongwe muhuri wa tarehe, na mletaji apewe nakala. Hata kama jibu ni "hapana," mtu aliyepewa jibu amepewa heshima. Mtu aliyeambiwa "njoo kesho" mara kumi, siku ya kumi na moja hatakuja na karatasi.

La tatu, baada ya matokeo, pasiwe na vijembe ofisini. Kanuni za utumishi hazimkatazi mtumishi kupiga kura wala kuwa mwanachama wa chama. Zinamkataza kuyaleta hayo katika kazi. Kofia ya chama ikae nyumbani, na ushindi wake ukae nyumbani pia. Aliyeshindwa atakuja kesho kulipia kiwanja chake. Usoni mwako ndipo atakaposoma kama nchi hii ingali yake.

Najua mtu atauliza, "Je, aliyedhulumiwa anyamaze ili tukae kwa amani?" La, hasha. Kunyamazisha si kupatanisha. Kule Zanzibar, baada ya mauaji ya Januari 2001, hata Muafaka wa Oktoba mwaka ule haukutosha. Ilipasa Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wakutane uso kwa uso mwezi wa Novemba 2009, ndipo wananchi wakapiga kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010 na kukubali serikali ya umoja kwa asilimia 66. Uchaguzi uliofuata ulipita kwa utulivu. Baadaye mapatano yale yalitikisika, hasa uchaguzi wa 2015 ulipofutwa. Lakini yalithibitisha kwamba watu waliosusiana maziko waweza kuketi meza moja, madai ya kila mmoja yakisikilizwa.

Mwingine atasema, "Karani mdogo afanye nini mbele ya wakubwa?" Namjibu kwa historia yetu. Mwaka 1922 kule Tanga, Bwana Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Waliketi pamoja Waislamu na Wakristo, watu wa makabila mbalimbali, zamani ambazo wengi waliona jambo hilo haliwezekani. Mwezi wa Agosti 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kuingia vyama vya siasa, maana iliijua nguvu ya kalamu. Karani mdogo hatungi sheria, lakini hakuna hila ya uchaguzi iwezayo kupita bila karani wa kuiandika.

Basi, ndugu zangu wa Sekei, vyama vitashinda na kushindwa, na wengine watakuja baada yao. Sisi tutabaki na majirani zetu, misiba yetu, na madaftari yetu. Tuyatunze madaftari yawe ya kweli, na madirisha yetu yawe wazi kwa wote.

 Mungu aibariki nchi yetu.