Somo la Redio: Udongo wa Majivu ya Mlima Rungwe

Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka vizuri, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa na asimame karibu na ubao, maana yapo maneno manne ya kuandika. Maneno yenyewe ni haya: majivu, mboji, sifongo, fosforasi. Yaandikeni sasa. Maana zake tutazitafuta tukiendelea na somo.

Leo safari yetu ni ya kusini-magharibi ya Tanzania, katika Mkoa wa Mbeya, Wilaya ya Rungwe. Wale mnaokaa huko mtanivumilia nikieleza mambo mnayoyaona kila siku. Mlima Rungwe una urefu wa karibu meta 2,960. Juu yake kuna msitu mzito. Chini ya msitu kuna migomba, chai, kahawa, maharagwe na viazi. Mvua ya huko ni nyingi mno. Upande wa kusini-mashariki hufika karibu milimeta 3,000 kwa mwaka. Mnajua kwamba penye mvua kubwa na mteremko mkali, udongo huondoka. Mbona basi udongo wa Rungwe umekaa pale miaka elfu nyingi?

Jibu linaanza katika neno letu la kwanza, majivu. Hapa yatupasa kuwa waangalifu, kwa sababu majivu ni ya namna mbili. Majivu ya jikoni ni mabaki ya kuni zilizoungua. Majivu ya mlima si kitu kilichoungua hata kidogo. Ni mawe yaliyoyeyuka ndani ya ardhi, yakarushwa juu kwa nguvu ya mvuke na hewa, yakapasuka vipande vidogo kama vumbi, yakapoa upesi yakawa kama unga wa chupa. Rungwe ni mlima wa moto. Yapata miaka 4,000 iliyopita ulilipuka kwa nguvu kubwa, na vumbi lake na mawe yake mepesi vilipanda angani zaidi ya kilometa 30. Kisha vikaanguka, vikafunika nchi. Jirani yake, mlima Kiejo, ulitoa mawe ya moto yapata miaka 200 tu iliyopita, yaani katika siku za babu wa babu zetu.

Ukichimba shimo kando ya njia huko, mara nyingi utaona habari hii imeandikwa kwa matabaka. Juu kuna udongo mweusi. Chini yake kuna changarawe nyepesi za rangi ya kijivu au manjano. Chini zaidi kuna udongo wa zamani, wa kahawia. Hizo changarawe nyepesi ni ndugu wa lile jiwe lenye vitundu ambalo watu hulitumia kusugulia miguu. Litie majini, nalo litaelea.

Sasa tutazame jinsi unga wa chupa unavyogeuka kuwa udongo. Mvua huloweka majivu mwaka baada ya mwaka. Chupa ile huoza polepole (ndiyo, hata jiwe huoza) na kuwa kitu laini sana ambacho wataalamu hukiita alofani. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona, nazo ni tupu ndani, kama vijungu vidogo. Maji huingia ndani ya vijungu hivyo na katikati yake. Ndiyo sababu udongo huu ni kama sifongo, yaani kile kitu chenye vitundu vingi ambacho hunywa maji ukikichovya, na kuyatoa ukikikamua. Tena ni mwepesi. Kata kipande cha udongo huo cha lita moja bila kukivuruga, ukikaushe, ukipime: hakitafika gramu 900. Udongo mwingi wa kawaida wa shambani hupita kilo moja kwa kipimo hicho hicho.

Na weusi umetoka wapi? Hapo ndipo msitu unapoingia. Majani, matawi na mizizi huanguka na kuoza, nayo huwa mboji. Mboji ni chakula kilichooza cha mimea, kitu cheusi chenye harufu nzuri ya mvua. Katika udongo mwingine wadudu na vijidudu huimaliza mboji upesi. Katika udongo wa majivu, ile alofani na madini ya aluminiamu hushikana na mboji kwa nguvu, hata vijidudu hushindwa kuila. Mwaka baada ya mwaka mboji huongezeka. Wajapani, ambao nchi yao imejaa milima ya moto, waliuita udongo huu kwa rangi yake: “an” ni giza, “do” ni udongo. Kutoka hapo wataalamu wa dunia nzima wakapata jina andosoli. Udongo wa namna hii ni karibu sehemu moja tu katika mia ya nchi kavu yote duniani. Kwetu Afrika ya Mashariki tumebahatika, maana uko pia Kilimanjaro, Meru, mlima Kenya na Virunga.

Basi wako wasemao kwamba ardhi ya Rungwe haichoki. Mimi nasema huchoka, tena uchovu wake una hila. Sikilizeni kwa makini.

Mtu hupanda hadi ukingo wa msitu, akakata miti, akachoma moto, akapanda viazi. Mavuno ya kwanza humfurahisha. Anakula akiba ya mboji, na majivu ya jikoni, yaani ya miti aliyoichoma, humsaidia pia. Lakini paa limekwisha ondoka. Msituni tone la mvua hupiga jani kwanza, kisha tawi, kisha zulia la majani makavu, ndipo hufika chini likiwa limepoteza nguvu. Shambani palipo wazi tone hupiga udongo moja kwa moja. Tena jua la kiangazi huingia. Na hapa ndipo penye jambo kubwa la somo la leo: udongo wa majivu ukikaushwa mno, ile alofani hunyauka na kushikamana, ikawa punje ngumu kama mchanga. Mvua ikirudi, punje hizo hazirudi kuwa sifongo kama zamani. Sifongo yako imekufa. Upepo huchukua vumbi lake kwa urahisi, kwa kuwa ni jepesi, na maji huliteremsha.

Hila ya pili inahusu neno la nne, fosforasi. Mmea huhitaji fosforasi ili kujenga mizizi na mbegu. Udongo wa majivu unaweza kuwa na fosforasi nyingi, lakini alofani huishika kama bahili ashikavyo fedha. Mkulima akinyunyiza mbolea ya fosforasi shamba zima, sehemu kubwa hukamatwa kabla mizizi haijaifikia. Mahindi machanga yakigeuka rangi ya zambarau kwenye majani, huenda njaa ya fosforasi ndiyo sababu. Afadhali mbolea hiyo iwekwe kidogo kidogo karibu na mbegu, bila kuigusa, ichanganywe na samadi iliyooza. Mboji hukaa mahali ambapo fosforasi ingefungwa, na hivyo mmea hupata fungu lake.

Wazee wa Unyakyusa walijua sehemu ya mambo haya bila kusikia jina la alofani. Migomba yao huangusha majani yake papo hapo, udongo hukaa umefunikwa, kivuli hakikosekani. Ni msitu mdogo wa kuliwa. Penye viazi, ambavyo havipendi kivuli, hakuna budi kulima kukingama na mteremko, kupanda mistari ya majani ya tembo, na kuacha mabua shambani badala ya kuyachoma.

Msitu wa juu kabisa sasa una ulinzi. Mwaka 2009 msitu wa mlima Rungwe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Humo anaishi kima aitwaye kipunji. Wawindaji wa huko walimjua kwa jina, lakini wataalamu walimwona mwaka 2003 tu, wakamtangaza mwaka 2005. Nawaambia habari hii ili mjue kwamba hata mambo ya nyumbani kwetu hayajaandikwa yote.

Swali la maji halimhusu wa mlimani peke yake. Mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka nchi hii ya milima hadi Ziwa Nyasa, ikipita Kyela penye mpunga. Mvua inayoanguka leo Rungwe hunywewa na sifongo, ikatolewa taratibu wakati wa kiangazi. Sifongo ikifa, maji yote hushuka siku moja, yakiwa na tope. Mkulima wa Kyela hupata mafuriko mwezi wa nne, na mto mwembamba mwezi wa kumi.

Sasa kazi ya juma hili. Wanafunzi wa Rungwe na wa sehemu nyingine zenye milima ya moto, chukueni udongo mweusi wenye unyevu kidogo, musugue kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mwanzo utaonekana kama mkavu. Endeleeni kwa nguvu. Ukiwa ni wa majivu hasa, ghafla utateleza kama sabuni na vidole vitalowana. Wa sehemu nyingine, sugueni udongo wenu vivyo hivyo, muandike ulivyo.

Kisha jibuni katika daftari: Majivu ya mlima na majivu ya jikoni yana tofauti gani? Kwa nini udongo uliokauka mno haunywi maji tena kama zamani? Katika kijiji chenu, ni shamba la nani lililofunikwa vizuri, na amelifunika kwa nini? Mwalimu asome majibu matatu kwa sauti kabla ya kusahihisha. Kwaherini.