Gololi Iliyopotea

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo, kiasi cha punje ya choroko, nacho ni gololi ya chuma iliyomo katika kitovu cha gurudumu la baisikeli. Mafundi hukiita kitovu hicho habu, nasi tutalifuata jina lao. Mwenye baisikeli aweza kuipanda miaka mingi bila kuziona gololi zake hata mara moja, na siku ya kuziona mara nyingi ndiyo siku ya kuzipoteza.

Jambo lenyewe hutokea hivi. Gurudumu limeanza kulia, au layumba. Mtu hulifungua nyumbani kwake, uani, juu ya mchanga. Nati hutoka, koni hutoka, ekseli huvutwa, na mara gololi zamwagika kama mbaazi zilizotoboa gunia. Nyingine zaokotwa, moja haionekani. Kuku wapita, watoto wapita, na watoto nao wana gololi zao za kuchezea, hata wakiiona ya chuma huihesabu kuwa ni ngawira. Jua lakuchwa, na kesho ni siku ya soko. Basi mwenye baisikeli hutafuta katika kopo la misumari na vyuma vikuukuu, akaona gololi inayokaribiana na zile nyingine, akaitia, akafunga, akasema yote ni mamoja.

Si yote mamoja, na hapa ndipo tunapotaka mtusikilize vizuri.

Ndani ya habu mna mabakuli mawili ya chuma kigumu, moja kila upande. Gololi hukaa humo kwa duara, na koni, ambayo huzungushwa juu ya ekseli kama nati, huziegemea ili zisicheze. Uzito wa mpandaji na wa mzigo wake hushukia gololi chache tu, zile zilizo upande wa chini kwa wakati ule. Zikiwa sawa kwa ukubwa huugawana uzito huo, kila moja ikipokea zamu yake na kumwachia mwenzake. Lakini moja ikiwazidi wenzake, hata kwa unene wa unywele, kila inapofika chini hubeba peke yake mzigo wa wote. Yenyewe ni ngumu, haivunjiki upesi. Hulipiza kwa kuchimba vishimo katika koni na katika bakuli. Nayo iliyo ndogo mno huwa kama mtu mvivu katika kazi ya ujima: yumo katika hesabu, wala habebi kitu. Mtu hudhani ametia kumi, kumbe zinazofanya kazi ni tisa.

Usawa huu haukupatikana kwa urahisi hata huko zilikoanza. Mwaka 1869 Mwingereza James Moore alishinda mashindano ya kutoka Paris mpaka Rouen, nchini Ufaransa, juu ya baisikeli yenye gololi katika magurudumu yake, uvumbuzi wa Mfaransa Jules Suriray. Lakini kutengeneza gololi nyingi zilizo sawasawa ilikuwa kazi ngumu, mpaka Friedrich Fischer wa mji wa Schweinfurt, Ujerumani, alipounda mwaka 1883 mashine ya kuzisaga zikawa mviringo kamili na za kipimo kimoja. Mwenye kuchanganya gololi za makopo mbalimbali airudisha baisikeli yake nyuma ya mwaka huo.

Tena tazameni gharama yake. Koni iliyochimbika hununuliwa nyingine, wala si kitu cha bei kubwa. Bakuli ni jambo jingine. Limeshindiliwa kwa nguvu ndani ya habu, na katika habu nyingi fundi wa kijijini hana njia ya kulitoa na kutia jingine. Likiharibika, habu nzima hutupwa; na kuitupa habu maana yake ni kufungua spoku zote. Baisikeli ndefu za namna ya Kiingereza, zile zenye breki za vyuma, kwa desturi zina spoku 32 katika gurudumu la mbele na 40 katika gurudumu la nyuma. Kisha zote hurudishwa, na rimu hunyoshwa mpaka izunguke bila kuyumba. Hiyo ni kazi ya siku kwa fundi mwenye subira, na siku hiyo unga hauendi mashineni wala ndizi haziendi sokoni.

Basi yafaa kufanya nini? Kwanza, msifungue juu ya mchanga. Tandikeni kitambaa cheupe, lilazeni gurudumu juu yake, fungueni upande mmoja kwanza, mkazihesabu gololi kabla hazijatawanyika. Ikiwa moja imekwisha ruka, chukueni sumaku, hata ile ya kipaza sauti cha redio iliyokufa (hatusemi hii mnayotusikilizia), mkaipitishe polepole juu ya vumbi. Chuma hujileta chenyewe.

Isipopatikana, jueni kipimo. Katika baisikeli tulizozitaja, habu ya mbele kwa kawaida ina gololi 10 kila upande, za inchi 3/16. Ya nyuma ina 9 kila upande, za inchi 1/4, karibu na punje ya mbaazi. Gololi ya milimita 5 yafanana sana na ile ya inchi 3/16, na wauzaji wengine huzitia katika kisanduku kimoja. Lakini ile ya inchi ni milimita 4.76 tu, na tofauti hiyo yapita unywele mara kadha wa kadha. Nendeni dukani na gololi ya zamani mkononi. Wekeni ya zamani mbili juu ya kioo na mpya katikati, kisha lazeni rula ya chuma juu yake. Rula ikibembea, mpya ni kubwa. Gololi ya katikati ikitembea ovyo chini ya rula, ni ndogo.

Nasi twashauri zaidi ya hayo: msinunue moja. Nunueni za bakuli zima, kwa kuwa zile za zamani zimekwisha lika kidogo, na mpya moja kati yao itakuwa ndiyo kubwa. Ikiwa duka li mbali na safari haina budi, ni heri bakuli libaki na pengo la gololi moja mpaka mfike, kuliko kulijaza kwa gololi isiyo ndugu yao. Lakini mapengo mawili hatuyakubali.

Gololi siyo peke yake ipoteayo. Iko washa moja yenye ulimi mdogo kwa ndani, nao ulimi huo huingia katika mfereji uliochongwa juu ya ekseli. Hukaa kati ya koni na nati ya kuifungia. Ikipotea, watu hutia washa ya duara tupu. Na hapo nati inapokazwa huivuta koni pamoja nayo, ikazibana gololi hata gurudumu likawa zito. Kama ekseli ina mfereji, tafuteni washa yenye ulimi. Na nati nazo zina ujanja wake: ekseli za Kiingereza zina mikato 26 katika inchi moja, na nyingine zimechongwa kwa milimita. Nati ya milimita 10 huingia kwa ulegevu juu ya ekseli ya inchi 3/8, mtu akafurahi. Akiikaza, mikato yote yaparuka.

Kabla ya kurudisha, osheni kila kitu kwa mafuta ya taa, mbali na moto, mkakaushe. Pakeni grisi safi ndani ya bakuli, nayo itazishika gololi zisianguke. Mafuta ya nazi yaacheni jikoni, kwani huganda yakawa kama gundi. Na kama habu ina tundu la kutilia mafuta, angalieni kile kifuniko chake chembamba kama pete. Ikiwa hakipo, vumbi hushuka moja kwa moja kwenye gololi. Ukanda mwembamba wa bati uliokunjwa vizuri kuizunguka habu utaziba pengo hilo.

Koni ikazwe kwa vidole mpaka iguse, kisha irudishwe nyuma kidogo sana, ndipo nati ya kufungia ikazwe kwa spana. Liinueni gurudumu na kuliacha: yafaa lizunguke, lisite, kisha mdomo wa kutilia upepo ushuke chini wenyewe kwa uzito wake. Ishikeni rimu na kuitikisa kulia na kushoto, isicheze. Baada ya mwendo wa maili tano au sita igeuzeni tena baisikeli juu chini na kuijaribu, kwa kuwa gololi mpya hujitafutia makao yake, na koni huenda ikahitaji kukazwa kidogo mara ya pili.