Vifupisho na Maneno Yatatanishayo Mezani pa Karani
(Hotuba kwa wanachama, Ukonga)



Tumeombwa tuseme nanyi hapa Ukonga juu ya vifupisho na maneno ya Kiingereza yakosewayo katika barua. Twajua wapo watakaouliza: Je, serikali haikuagiza mwaka 1967 kazi zake zifanywe kwa Kiswahili? Iliagiza. Lakini barua za Kiingereza zingali zaingia na kutoka maofisini, na kifupisho kimoja kikikosewa, mtu aweza kukosa haki yake.

Vinavyosumbua kupita vyote ni "i.e." na "e.g." Vyote viwili asili yake ni Kilatini. Cha kwanza ni "id est", maana yake "yaani". Cha pili ni "exempli gratia", maana yake "kwa mfano". Sasa tazameni. Karani aandika kwamba mtumishi atalipiwa nauli ya jamaa zake, "e.g. wife and children". Hapo mke na watoto wametajwa kwa mfano tu, na mama mzazi aweza kuombewa. Akiandika "i.e. wife and children", mlango umefungwa: jamaa ni hao tu, na mama atajilipia. Kosa la kifupisho kimoja limemwacha mama kituoni. Dawa yake i katika lugha yetu wenyewe. Kabla ya kuandika, isomeni sentensi kwa Kiswahili: likikaa "yaani", andikeni "i.e.", likikaa "kwa mfano", andikeni "e.g." Tena baada ya "e.g." msimalizie kwa "etc.", kwani mfano umekwisha kusema kwamba mengine yapo.

Katika saa, lakini, Kiswahili hicho hicho hututega. Sisi twahesabu tangu asubuhi na tangu magharibi. Mwingereza huhesabu tangu katikati ya usiku na tangu adhuhuri. Saa 2 asubuhi ni "8 a.m." Mwenye haraka huandika "2 a.m.", nayo ni saa 8 usiku. Uwanja wa ndege u jirani nasi hapa. Mwafikirieni mgeni aliyeandikiwa hivyo, asimame pale gizani akingoja wa kumpokea! Yenye hila zaidi ni "12 p.m." Kwa desturi ni saa 6 mchana, bali aliyezoea saa 12 jioni aweza kuja mkutanoni jua likichwa. Andikeni "12 noon", au "midnight" ikiwa ni saa 6 usiku.

Juu ya "advice" na "advise" hatukawii: lenye "c" ni shauri lenyewe, lenye "s" ni kitendo cha kushauri.

Limebaki "borrow". Neno letu "azima" lamfaa atoaye na apokeaye, ndiyo sababu twasoma "borrow me your pen". Kwa fedha hatutatiziki, maana tunayo "kopesha" na "kopa". Basi pimeni kwa hayo: "lend" ni kukopesha, "borrow" ni kukopa, hata kama kinachoombwa ni kalamu.