Mtoto Hadhoofiki kwa Siku Moja

Leo tuongee juu ya utapiamlo.

Waganga wa India ya kale, katika elimu ya tiba iitwayo Ayurveda, walifundisha kwamba ugonjwa hupanda ngazi sita. Hujikusanya, huchafuka, huenea, hutua mahali, na ni kwenye ngazi ya tano tu ndipo hujionyesha wazi. Ya sita ni madhara makubwa. Dawa zao si mada yetu, lakini hesabu hiyo naipenda, kwa sababu wengi wetu huleta mtoto hospitalini akiwa tayari kwenye ngazi ya tano.

Mama ameenda alfajiri kuchuma majani chai au muguka. Mtoto wa mwaka mmoja amebaki na nyanya yake, akapewa uji mwepesi, viazi na chai ya rangi. Tumbo limejaa, halii. Ugonjwa umeanza hapo na hakuna aliyeuona. Kisha mstari wa uzito kwenye kijitabu cha mama na mtoto, uliokuwa ukipanda, unalala. Mtoto bado anacheza! Ndiyo maana nawasihi msiache kiliniki baada ya sindano ya surua ya miezi 9.

Baadaye huja kuhara na kikohozi kisichoisha. Akiugua hula kidogo, akila kidogo huugua tena. Mwombe mhudumu wa afya ya jamii ampime mkono kwa ule utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, sentimita 12.5 na zaidi ni kijani. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni manjano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na huyo apelekwe siku hiyo hiyo, msingoje siku ya soko.

Tena bonyeza nyayo zote mbili kwa juu na kidole gumba, ukihesabu polepole hadi tatu. Shimo likibaki, hiyo ni dalili ya kwashiakoo, hata kama majirani wanamsifu kwa mashavu. Jina hilo ni la lugha ya Kiga ya Ghana. Daktari Cicely Williams aliliandika mwaka wa 1935, na maana yake ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa titi mwingine anapozaliwa. Si laana, wala si maziwa ya mama yaliyoharibika.

Chakula cha kuzuia haya tunacho: ndengu za Mbeere, njahi, kunde, omena, yai, terere, parachichi. Ponda nduma na maharagwe, tia kijiko cha mafuta. Uji ukimwagika kwenye kijiko kama maji, huo ni mwepesi mno. Miezi 6 hadi 8 alishwe mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4, huku akinyonya hadi miaka 2 au zaidi. Chai ya rangi mwondolee, maana huzuia mwili kupata madini ya chuma.

Na ukipewa pakiti za chakula cha karanga hospitalini, hizo ni dawa ya mtoto huyo peke yake. Ndugu zake wapikie kitu kingine.