Mtoto Anapojitupa Chini



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), leo tunazungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno kwa mimbari: kilio cha mtoto mdogo aliyeshikwa na hasira.

Julai iliyopita, baridi ya Mlima Meru ikiwa imeshuka mjini, tulimwona mama mmoja katika Soko la Kilombero. Mwanawe, wa miaka kama miwili, alijitupa vumbini kwa kunyimwa kipande cha mua. Watu wakasimama kutazama. Mmoja akasema, "Mchape huyo!" Mama akainua mkono, nasi tuliona wazi kuwa hakuuinua kwa sababu ya mtoto, bali kwa sababu ya macho yetu.

Tunakiri kwamba nasi tumewahi kuinua mkono namna hiyo nyumbani, tukauita malezi. Hayakuwa malezi, ilikuwa ghadhabu.

Mtoto wa umri huo anataka mengi na maneno yake ni machache. Uwezo wa kuizuia nafsi haujakomaa kichwani mwake. Hukua polepole kwa miaka mingi. Mara nyingi ana njaa, au amekosa usingizi. Kumkemea kwa ukali ni kuongeza kuni motoni.

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alirefusha sijida kwa kuwa mjukuu wake alimpanda mgongoni, akachukia kumharakisha, na kwamba alikuwa akifupisha Swala asikiapo mtoto analia, kwa kumhurumia mama yake. Swala hurefushwa kwa ajili ya mtoto, na hufupishwa kwa ajili ya mtoto! Na sisi twaona uzito kumngojea sokoni?

Tena aliyeghadhibika akiwa amesimama alimwamrisha akae. Basi kaa. Uso wako ulingane na wake, sema kwa sauti ya chini, mwondoe penye watu, kisha ngoja. Akitaka kujiumiza, mshike kwa upole. Wala usimpe ule mua kwa kuwa amelia, maana kesho atalia zaidi. (Hapa akina bibi, Mwenyezi Mungu awahifadhi, hutuharibia kazi.)

Mama yule, kabla mkono haujashuka, muuza ndizi mmoja, mwanamke mtu mzima, alimsogezea kigoda: "Keti kwanza, mwanangu, mwache alie." Akaketi. Mtoto akalia, akachoka, akaja kumlalia mapajani. Sisi wanaume tuliokuwa pale hatukufanya lolote.